Shahidi wa Chumba Namba Sita

Tochi alimwuliza yule mzee swali lile lile mara tatu, na mara tatu mzee akaendelea kutafuna kama mtu aliyebaki peke yake duniani.

"Jumanne asubuhi, mzee wangu. Nani aliingia humu?"

Uma ulishuka kwenye yai, ukapanda, ukashuka tena.

Katika miaka ishirini na sita ya upelelezi, Tochi alikuwa ametukanwa, amedanganywa, na siku moja amefungiwa bandani pamoja na mbwa mkali. Lakini kupuuzwa namna hii, tena na mtu aliyefungwa kitambaa cha chakula shingoni, ilikuwa mara ya kwanza. Hakukasirika. Kawaida yake ilikuwa moja: jambo likimgomea mbele, analizunguka. Akainuka kitini, akapita miguuni pa kitanda, akaenda kusimama dirishani.

"Lo!" Uma ulidondoka. "Wewe mama umetokea wapi? Siku hizi hata hodi hamna?"

"Hodi nimepiga, mzee. Nipo humu dakika kumi."

"Dakika kumi! Humu humu?" Mzee alicheka mpaka kitambaa kikatikisika. "Mama, usimtanie mtu mzima. Mimi nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na minne. Mahakimu wanne wamestaafu wakaniacha pale pale. Mtu haingii chumba nilichomo nisimwone."

Sentensi hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo, ilikuwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wa Tochi, na chini yake sahihi yenye madaha. Ndiyo sentensi iliyomvua nesi sare.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Hospitali hii haikuwa ya kulaza mtu siku mbili na kumpa vidonge. Ilikuwa ya watu waliopona kiasi cha kutokufa, ila si kiasi cha kurudi nyumbani: waliopigwa na kiharusi, waliokatwa mguu, waliopasuliwa kichwa au mgongo. Walikaa wiki sita, wengine miezi, wakijifunza upya kufunga vifungo, kupanda ngazi, kutamka majina ya watoto wao. Chumba namba sita kilikuwa na vitanda viwili. Cha dirishani kilikuwa cha huyu Karani. Cha mlangoni kilikuwa cha mwamuzi mstaafu wa mpira, ambaye jengo zima lilimwita Refa. Kiharusi kilimnyang'anya Refa maneno, kikamharibu na koo: chochote chepesi alichokunywa kilipotea njia kikaingia mapafuni. Kwa hiyo juu ya kitanda chake palitundikwa kibao chekundu, na kila alichokunywa kilikorogwa kwanza na unga maalumu hadi kikawa kizito kama uji.

Jumanne saa tano asubuhi Refa alikutwa midomo imebadilika rangi, kifua kinakoroma. Walimkimbiza kwenye chumba cha mahututi, na mrija uliotumbukizwa kooni ukavuta maji ya kahawia yenye weupe. Chai ya maziwa. Mtu alikuwa amempa chai nyepesi. Na shahidi pekee alikuwa ameandikisha kwamba kati ya saa tatu na saa tano hakuna aliyeingia ila nesi wa zamu.

Leo ilikuwa Ijumaa. Saa nane kamati ya hospitali ingekaa, na Tochi, aliyetumwa na baraza linalotoa leseni za wauguzi, angesoma taarifa yake. Ikimtaja nesi, kazi ya nesi imekwisha. Ikimwacha, basi kuna mtu mwingine, na saa tisa Refa anarudishwa chumba namba sita. Aliyempa chai Jumanne angeweza kumpa tena. Daktari wa mahututi hakuzungusha maneno: "Mapafu yale hayana nguvu ya mara ya pili."

Tochi alimtazama Karani vizuri, kwa mwanga wa dirisha. Shavu la kulia lilikuwa limenyolewa likang'aa. La kushoto lilikuwa na ndevu nyeupe za siku nne. Akatazama sahani. Yai lilikuwa limeliwa hadi katikati, kana kwamba limepigwa mstari. Nusu ya kulia ilikuwa safi. Nusu ya kushoto ilikuwa na mkate wote, na nusu ya yai, havijaguswa.

"Umeshiba, mzee?"

"Nishibe nini? Hapa chakula ni cha kuonjesha. Nimelalamika, hawasikii."

Tochi alinyoosha mkono akaizungusha sahani, kidogo tu, hadi mkate ukaja upande wa dirisha.

Macho ya Karani yakafunguka. "Ahaa! Wamesikia! Wameniongeza. Mungu ambariki mpishi." Akaokota uma.

Mlangoni mtu aliguna. Alikuwa mwanamume mfupi, mpana, taulo shingoni. Huyu ndiye mtaalamu wa mazoezi, ambaye wagonjwa walimwita Kocha kwa sababu ya kelele zake.

"Afande, na wewe unamfanyia mchezo wa sahani?" alisema. "Huo ni wangu."

Tochi akamvuta ukumbini.

"Macho yake yana nini?"

"Macho mazima. Anasoma gazeti bila miwani. Nusu ya gazeti." Kocha alijigonga kichwa upande wa kulia. "Kiharusi kilimpiga hapa. Ukipigwa hapa, upande wa kushoto wa dunia unaondoka. Si giza, si ukungu. Haupo. Na yeye hajui kama haupo, ndiyo maana haulalamikii. Ukisimama kushoto kwake ukamwimbia, anakuona upepo. Kazi yangu hapa ni kumrudishia huo upande, lakini ndiyo kwanza tumeanza."

Tochi alifungua daftari akachora chumba: vitanda viwili, dirisha, mlango. Karani akilala chali, dirisha liko kuliani kwake. Kushotoni kuna kitanda cha Refa, na mlango.

"Sasa nesi alimwonaje?"

"Dawa zake Karani ziko kwenye kabati la dirishani. Nesi lazima azunguke kitanda."

"Kwa hiyo Jumanne bendi nzima ingeweza kuingia hapa."

"Na matarumbeta yake. Ilimradi wasipite miguuni pa kitanda."

"Katibu wa hospitali ndiye aliyeandika maelezo ya Karani. Hajui haya?"

"Katibu anajua idadi ya mashuka."

"Na wewe unayejua, mbona umenyamaza siku tatu?"

Kocha aliacha mzaha. "Nani aliniambia shahidi ni Karani? Maelezo yamefungwa kwenye bahasha, sisi tunaambiwa tu 'kuna shahidi'. Nilidhani ni mfagiaji. Mama, ningejua, ningekwenda pale ofisini na hii taulo shingoni nikapiga meza."

Tochi aliamini. Akapiga mstari mmoja daftarini juu ya maelezo ya Karani. Mzee hakudanganya hata neno. Alisema alichokiona, na watu wakakifanya kuwa chumba kizima.

Lakini shahidi kuanguka hakumsafishi mshitakiwa. Nesi angeweza bado kuwa ndiye.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati tangu asubuhi, gauni la nyumbani, mkoba magotini. Tochi alikaa kando yake bila salamu ndefu.

"Jumanne ulimpa nini?"

"Maji mazito. Saa tatu na dakika arobaini. Vijiko viwili, cha tatu akafunga mdomo. Niliandika. Nikaacha kikombe mezani, nikampa yule mzee vidonge, nikatoka."

"Refa hapendi maji mazito?"

"Nani anapenda, mama? Onja siku moja. Ni kama kumeza kamasi. Lakini nilikuwa nambembeleza, siku nyingine anafika vijiko kumi." Aligeuza uso. "Wanasema nilikuwa na haraka nikampa chai ya toroli. Mimi! Kile kibao chekundu nimekitundika kwa mkono wangu."

"Chai ya toroli," Tochi alirudia, akainuka.

Mwenye toroli alikuwa jikoni, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, akisuuza birika kubwa kama ndoo. Kila mtu alimwita Mama Chai.

"Jumanne toroli lilifika chumba namba sita saa ngapi?"

"Saa nne na robo, kama siku zote. Karani nikamwachia kikombe upande wa mlango, na kama kawaida hakukigusa. Refa simpi, kibao nakijua. Nikaona kikombe chake cha maji mazito kimejaa, kijiko kimesimama wima ndani kama mlingoti. Nikasema maskini, leo kagoma."

"Chai yako ina maziwa?"

"Ningekuwa nayo ningewaficha? Friji imekufa Jumapili usiku, afande. Wiki nzima hii ni chai ya rangi. Wagonjwa wananinunia kama nimewaibia. Muulize fundi, yuko nyuma ya hiyo friji tangu juzi, nadhani amehamia."

Kutoka nyuma ya friji sauti ikajibu, "Bado kidogo!"

Tochi aliweka mambo mawili pamoja. Kikombe cha nesi kilikuwa kimejaa na ni kizito, kwa hiyo alikoroga, na hakudanganya kuhusu vijiko viwili. Na jiko halikuwa na tone la maziwa tangu Jumapili. Chai iliyovutwa kifuani mwa Refa haikutoka jikoni.

"Nani humu ana chai yake mwenyewe?"

Mama Chai alipunguza sauti, ingawa hakuna aliyekuwa karibu zaidi ya fundi. "Sitaki kumchongea mtu. Lakini Namba Tisa ana kopo la maziwa ya unga. Na Jumatatu, mbele ya watu kwenye chumba cha kulia, aliapa kwamba Refa atamlipa."

Namba Tisa alikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi, kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Zamani alikuwa mshambuliaji, na jina lilitokana na jezi yake. Sasa mguu wa kulia uliishia chini ya goti, na kwenye kisiki palifungwa mguu wa bandia alioutazama kama mchezaji mpya asiyejua timu.

"Ulimwapia Refa," Tochi alisema.

"Nimemwapia miaka ishirini na mbili! Fainali, dakika ya themanini na tisa, mpira wavuni, watu wameshaingia uwanjani kunibeba. Yeye akainua mkono. Nimeotea! Mama, beki alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Hatua mbili!" Akasahau mguu, akayumba, akashika chuma. "Nikaja kukatwa mguu, nani namkuta chumba cha sita? Yeye. Na safari hii hawezi kunijibu. Nikasema Mungu ni mcheshi."

"Una maziwa ya unga."

"Ninayo. Chai ya rangi ni dawa, si chai."

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kisha chumbani."

Tochi hakuhitaji kumwamini wala kutomwamini, kwa sababu ukutani kulikuwa na karatasi. Kila mgonjwa alikuwa na yake, na kila siku Kocha aliandika umbali aliotembea. Ya Namba Tisa ilisema: *Jumanne, hatua tisa, kwa fremu. Apumzike.* Tochi alikuwa ameupima ukumbi asubuhi kwa miguu yake. Kutoka chumba cha Namba Tisa hadi chumba namba sita ni hatua sitini na tatu.

"Kiti cha magurudumu?"

"Kocha kakichukua tangu wiki iliyopita. Ananisukuma yeye mwenyewe; anasema nikiachiwa kinanidekeza."

"Chukua kile kikombe pale mezani uniletee."

Namba Tisa alitazama kikombe, akatazama mikono yake miwili iliyokamata vyuma, akaangua kicheko. "Nikibebe na meno? Afande, mtu wa fremu hana mikono. Nikitaka chai naifuata mimi, haiji kwangu."

Tochi alicheka naye, kisha akamfuta daftarini. Anayeshika fremu kwa mikono miwili hambebei mtu kikombe, hata kwa hatua tisa.

"Halafu," Namba Tisa aliongeza, sauti imeshuka, "akifa, mimi nitagombana na nani? Humu wote wengine hawajui mpira." Akasogeza mguu wa bandia mbele, taratibu. "Dada yake ndiye wa kuonea huruma. Jumanne tulikuwa wote hapa, yeye anambeba yule mdoli mzito wa mazoezi. Akaniuliza kama na mimi wananinywesha yale maji ya gundi."

Kalamu ya Tochi ilisimama.

"Dada yake Refa alikuwa hapa? Jumanne? Saa ngapi?"

"Saa tatu. Nilikuwa kwenye hatua ya nne."

Dada Mkubwa, kama walivyomwita wote, ndiye aliyeandika malalamiko dhidi ya nesi. Kwenye barua yake alisema alifika hospitali saa kumi jioni, saa ya kutazama wagonjwa, akakuta kitanda kitupu. Kitabu cha getini kilikubaliana naye. Tochi alikuwa amekisoma mara mbili.

"Kocha!" aliita. "Ndugu wakija kufundishwa, wanaandika wapi majina?"

"Kwangu. Wanapita mlango huu wa nyuma, getini hawafiki." Alikuja na jalada. "Mgonjwa akikaribia kuruhusiwa, lazima mtu wa nyumbani ajifunze. La sivyo tunampeleka nyumbani Ijumaa, anarudi Jumatatu na nyonga iliyovunjika. Somo la kwanza, kumwinua na kumketisha. La pili, kumlisha na kumnywesha."

Jina lilikuwepo, mwandiko mnene wa kalamu ya bluu. Jumanne, saa tatu hadi saa tatu na nusu. Somo la kwanza.

"Na la pili amefundishwa lini?"

"Bado. Lilikuwa Alhamisi ijayo."

Tochi alitazama saa. Saa sita na dakika kumi. "Mpigie simu. Mwambie tunataka atuonyeshe alichojifunza, ili Refa akirudi apate mikono mizuri. Ni kweli tupu, usiongeze kitu."

Alifika saa saba kasoro robo, mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka, kikapu mkononi. Alimsalimia Kocha kwa heshima, Tochi kwa wasiwasi kidogo.

"Wewe ndiye wa baraza? Vizuri. Natumaini yule msichana hamtamrudisha. Mama yetu alikufa mdogo wangu ana miaka minne, mimi kumi na sita. Nimemlea kwa mikono hii. Nesi wa juzi hawezi kuja kuniulia."

"Nionyeshe mikono hiyo," Tochi alisema. "Mketishe yule pale."

Kwenye kitanda cha mazoezi kulikuwa na mdoli wa uzito wa mtu. Dada Mkubwa aliweka kikapu chini. Akakaza breki za magurudumu ya kitanda. Akainua kichwa cha kitanda, akapitisha mkono nyuma ya mabega, akamwinua mdoli hadi akakaa wima, akamwekea mto upande dhaifu usianguke. Kazi safi. Kocha alitikisa kichwa kwa fahari. Kisha mwanamke akachomoa leso kiunoni, akamfuta mdoli mdomo na kidevu, polepole, kama anayemaliza jambo.

Mkono ukabaki hewani.

"Mdoli hajala kitu, dada yangu," Tochi alisema.

Mahali fulani vyuma viligongana, Namba Tisa akijifanya hasikii.

"Jumanne somo lilikwisha saa tatu na nusu," Tochi aliendelea, sauti ile ile. "Barua yako inasema ulifika saa kumi. Jina lako liko hapa kwenye jalada. Sikuulizi kama uliingia chumba namba sita. Naku­uliza ulikaa muda gani."

Dada Mkubwa alikunja leso mara nne. Alipoinua uso, hakuwa na haya. Alikuwa na hasira.

"Dakika kumi! Ndiyo, nilisubiri nesi atoke, nikaingia. Nikamkuta ananitazama, na pembeni kile kikombe chao, kijiko kimesimama ndani kama kimepigiliwa. Mtu aliyekuwa akitoa kadi nyekundu mbele ya maelfu, analishwa gundi! Nikamketisha kama nilivyofundishwa. Nikampa chai yangu, ya maziwa, vuguvugu, nusu kikombe. Alikunywa yote. Akatabasamu, mnasikia? Tangu augue hajatabasamu. Na hakukohoa hata mara moja!"

"Na kibao chekundu?"

"Nilikiona. Humu kila ukuta una kibao. Usiketi kitandani, usilete maua, usipige simu. Ningevifuata vyote, ningekaa nyumbani."

"Kwa nini ukaandika saa kumi?"

"Kwa sababu ndugu hawaruhusiwi wodini asubuhi. Ningesema, mngenifungia mlango. Na nilichosema kina kosa gani? Chai yangu ilikwenda salama. Yule nesi ndiye aliyerudi baadaye na gundi yake ikamkaba!"

"Hakurudi," Tochi alisema. "Alikuja kabla yako. Saa nne na robo Mama Chai alikiona kikombe kile, bado kimejaa. Na kifuani mwa ndugu yako hawakuvuta gundi. Walivuta chai ya maziwa. Jikoni hakuna maziwa tangu Jumapili."

Dada Mkubwa alimgeukia Kocha, kama mtu anayetafuta mlango.

Kocha alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. "Dada, kikohozi ni mlinzi. Kitu kikipita njia mbaya, anapiga kelele. Kwa mdogo wako mlinzi amelala. Chai ilishuka mapafuni, na yeye mwenyewe hakujua. Alitabasamu kweli. Ladha aliipata. Na ilikuwa inamzamisha."

Alikuwa mwanamke wa kusimama wima, na hata sasa hakuinama. Ila aliitazama mikono yake, ile ile aliyojisifia.

"Nimemuua."

"Hajafa," Tochi alisema. "Anarudi saa tisa. Kuna mtu mwingine ambaye hajafa, amekaa kwenye benchi kule nje tangu asubuhi, na saa nane anavuliwa kazi kwa barua yako. Taarifa yangu nitaisoma hata usipokuja. Lakini naona wewe si mtu wa kusomewa."

"Kamati iko chumba gani?" aliuliza Dada Mkubwa.

Katibu wa hospitali alikuwa na suti ya kijivu na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Alifungua kikao saa nane kamili, akamtaja shahidi wa kuaminika, mtumishi mstaafu wa mahakama. Tochi akamwuliza kama aliwahi kukaa kushotoni kwa shahidi huyo. Katibu hakuelewa. Kocha akamweleza kwa maneno kumi, bila kupiga meza. Bahasha haikufunguliwa.

Ndipo Dada Mkubwa aliposimama. "Barua ni yangu, naiondoa. Nesi hakukosea. Aliyempa chai ni mimi, na saa niliyoandika ni ya uongo. Andikeni."

Mwandishi wa kikao alimtazama Katibu.

"Andika!" alisema Dada Mkubwa, kwa sauti iliyokuwa imelea watoto. Kalamu ikaanza kukimbia.

Katibu alijikohoza. Uso wake ulikuwa umepata kitu kipya cha kushika. "Basi hili ni kubwa zaidi. Mtu wa nje, kinyume cha masharti, anahatarisha maisha ya mgonjwa. Napendekeza apigwe marufuku kukanyaga hospitali hii."

"Refa ataruhusiwa lini?" Tochi aliuliza.

"Mapafu yakikubali, wiki tatu," alisema Kocha.

"Aende kwa nani?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yao na leso mkononi.

"Mnampiga marufuku leo," Tochi alisema, akifunga daftari, "halafu baada ya wiki tatu mnampakia mgonjwa kwenye gari na kumkabidhi kwake, hajafundishwa. Mkifanya hivyo, nitarudi hapa, na safari hiyo nitakuwa namtafuta aliyesaini marufuku. Mtu huyu amekosa kwa sababu alijua nusu ya kazi. Mpeni nusu nyingine. Si Alhamisi ijayo. Leo."

Daktari wa mahututi aliinua mkono kuunga. Wakafuata wengine wawili. Katibu alihesabu mikono, akaona wake umebaki peke yake mezani, akautumia kugonga muhuri.

Nesi aliitwa ndani saa nane na dakika ishirini na tano. Alisimama mlangoni na mkoba wake, hajui akae upande gani. Katibu alimsomea mstari mmoja: amerudishwa kazini, zamu inaanza sasa. Kisha akamsomea wa pili: somo la kulisha na kunywesha, kwa dada wa mgonjwa wa chumba namba sita, alifundishe yeye.

Wanawake wawili wakatazamana. Mmoja alikuwa ameandika barua ya kumwondolea mwenzake ugali, mwingine alikuwa amelala nyumbani siku tatu bila usingizi kwa sababu ya barua hiyo. Dada Mkubwa alifungua mdomo.

"Mwanangu, mimi…"

"Baadaye," alisema nesi. Hakuwa amemsamehe. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Akavua bangili yake, akaitia mkobani, akakunja mikono ya gauni la nyumbani juu ya viwiko. "Anafika baada ya dakika thelathini na tano, na atakuwa na kiu. Nenda ukanawe mikono. Hadi kwenye viwiko. Unga unakorogwa taratibu, na leo utakoroga wewe."

Dada Mkubwa alikwenda kunawa.